Kompyuta niliyoijenga mwenyewe inanitupia skrini ya bluu: RAM mbovu au mikono yangu? [IMETATULIKA]

Kasuku_wa_Kibuli · Alhamisi, saa 4:12 usiku

Wadau, habari za usiku. Naandika kwa simu kwa sababu kompyuta yenyewe ndiyo mgonjwa.

Mimi ni mpiga video wa sherehe hapa Kampala: harusi, kwanjula (sherehe ya Kiganda ya kumtambulisha bwana harusi kwa wakwe), maulidi, mahafali, popote wanaponiita. Miaka minne nimehariri kwenye laptopu ambayo feni yake inalia kama bodaboda inayopanda mlima wa Kibuli na abiria watatu. Mwezi uliopita nikasema liwalo na liwe, nikajenga deskitopu, kipande baada ya kipande, kadiri pesa ilivyoingia. Prosesa ni Ryzen 5 5600. Madabodi ni B550 iliyotumika, nimeichukua kwa kijana aliyekuwa anasafiri. Kadi ya picha imetoka kwenye mashine ya binamu yangu. Pawa saplai ya wati 550 na diski ya NVMe ya tera moja ni mpya. RAM ni DDR4 ya 3600, GB 16 mara mbili. Moja nilinunua Ijumaa, ya pili Jumatatu yake mteja alipomaliza deni. Jina moja, rangi moja, boksi zinafanana, ila maduka mawili.

Iliwaka mara ya kwanza. Nilipiga takbira, mke wangu akadhani mwezi umeandama.

Furaha ilidumu siku mbili. Kwanza ikaja skrini ya bluu imeandikwa MEMORY_MANAGEMENT. Kesho yake IRQL_NOT_LESS_OR_EQUAL. Kesho kutwa PAGE_FAULT_IN_NONPAGED_AREA. Kila siku na jina lake, kama mgeni mwenye vitambulisho vitatu. Kisha faili za zip za muziki: nafungua, naambiwa faili limeharibika. Nalifungua tena lilelile bila kugusa kitu, linafunguka. Hiyo ndiyo iliyonitisha kuliko bluu.

Nimeweka Windows upya mara mbili. Nimetumia kile kipimo cha kumbukumbu cha Windows chenyewe, kikasema hakuna tatizo. Nina kwanjula ya Mukono ya kuhariri na mteja anaitaka Jumamosi ya wiki ijayo. Nisaidieni.

Busia_Mpakani · Alhamisi, saa 4:20 usiku

Umeme huo kaka. Nunua stabilaiza ulale.

Kasuku_wa_Kibuli · Alhamisi, saa 4:24 usiku

Stabilaiza ninayo, na UPS ninayo. Mashine haizimi ghafla. Inaanguka ikiwa inawaka vizuri.

Mdau_wa_Temeke · Alhamisi, saa 4:31 usiku

Tupa hizo RAM, nunua mpya. Maisha mafupi mno kubembeleza chuma.

Kasuku_wa_Kibuli · Alhamisi, saa 4:33 usiku

Wewe hujapita dukani tangu bei ya RAM iruke mwishoni mwa 2025? Wenye vituo vya AI wanazoa chipu zote, sisi tunagombania makombo. Nikitupa hizi narudi kwenye laptopu ya bodaboda.

Fundi_Bombo · Alhamisi, saa 5:02 usiku

Kijana wa Kibuli, tulia. Nimeshika bisibisi tangu enzi za Pentium III, na jambo moja nimelikuta kila mahali: mtu akiona neno MEMORY kwenye skrini anakimbia kununua RAM, na akiona jina jingine anakimbia kuweka Windows. Usiweke Windows tena! Ukiiweka kupitia kumbukumbu yenye makosa, unaimwaga ikiwa imeshaharibika njiani, halafu hata ukipona utakuwa na Windows mgonjwa.

Hiyo zip inayokataa kisha inakubali ndiyo dalili niipendayo. Diski ikiwa mbovu, faili linakataa leo na kesho. Likikataa sasa na kukubali baada ya dakika moja, basi kwenye diski liko salama, linaharibika likiwa hewani, yaani likishapandishwa kwenye RAM.

Kipimo cha Windows nakiheshimu kama ninavyomheshimu askari wa getini anayesalimia kila mtu. Chukua flashi ya GB 4 au 8 isiyo na kitu unachokipenda, weka MemTest86 ya bure, washa mashine kutoka kwenye flashi hiyo. Toleo la bure linakuruhusu mizunguko minne, inatosha. Kwa GB 32 itakula usiku mzima.

Kabla ya hapo nijibu: RAM zimekaa sloti zipi? Na XMP, ule mpangilio unaoendesha RAM kwa kasi iliyoandikwa kwenye boksi, umeiwasha? Madabodi nyingine za AMD zinaiita DOCP, ni kitu kilekile.

Kasuku_wa_Kibuli · Alhamisi, saa 5:10 usiku

Sloti ya pili na ya nne kuhesabu kutoka kwenye prosesa, kama kitabu kilivyoandika, A2 na B2. XMP nimeiwasha siku ya kwanza, ndiyo maana nikanunua za 3600. RAM ya Ijumaa iko A2, ya Jumatatu iko B2.

Fundi_Bombo · Alhamisi, saa 5:13 usiku

Sloti ni sawa. Usibadili kitu. Pima ikiwa hivyohivyo na ugonjwa wake, tupate picha ya kulinganishia. Na tafuta daftari. Sitaki "nadhani nilijaribu".

Kasuku_wa_Kibuli · Ijumaa, saa 1:40 asubuhi

Mzee, nimelala sebuleni naiangalia. Mzunguko wa kwanza haukufika nusu, skrini ikageuka nyekundu. Nilipofika makosa mia sita na kitu Yaka (umeme wetu wa kulipia kabla) ikaisha yuniti, UPS ikanipa dakika kumi kisha giza. Nimenunua yuniti alfajiri. Nimeandika mistari michache, kulia ni kilichosomwa na kushoto ni kilichotakiwa:

FFFFFFFF → FFDFFFFF
00000000 → 00000400
80808080 → 80808088

Inamaanisha RAM imekufa?

Mdau_wa_Temeke · Ijumaa, saa 1:55 asubuhi

Nilisema. Nipo pale nimekaa.

Kijana_wa_Wandegeya · Ijumaa, saa 2:15 asubuhi

Chomoa RAM, chukua ufutio wa penseli, sugua yale meno ya dhahabu, rudisha. Mimi nimeponya mashine zaidi ya hamsini hivyo. Usipokuwa na ufutio tumia waragi kidogo kwenye pamba.

Fundi_Bombo · Ijumaa, saa 2:40 asubuhi

Ufutio unasugua na ile dhahabu yenyewe, ambayo ni utando tu, na unaacha vumbi la mpira ndani ya sloti. Mashine zako hamsini ziliponywa na kule kuchomoa na kurudisha. Na waragi, banange! Asilimia 40 pombe, kilichobaki ni maji. Hata ile spiriti ya kidonda ya duka la dawa siitaki, mara nyingi ina mafuta ya mbarika ndani, inaacha ukungu. Kama meno ni machafu tafuta alkoholi ya isopropili ya asilimia 99 na kitambaa kisichotoa nyuzi. RAM mpya haihitaji hata hiyo.

Kijana_wa_Wandegeya · Ijumaa, saa 2:44 asubuhi

Basi mzee, waragi nitainywa mwenyewe.

Fundi_Bombo · Ijumaa, saa 2:58 asubuhi

Kasuku, sasa tenganisha. Zima, chomoa waya ukutani, bonyeza kitufe cha kuwashia ukiwa umeshachomoa ili umeme uliobaki uishe, gusa chuma cha kasha, ndipo ushike RAM. XMP iache ikiwa imewashwa. Ya Ijumaa peke yake kwenye A2, mzunguko mmoja. Ya Jumatatu peke yake kwenye A2, mzunguko mmoja. Kisha kila moja peke yake kwenye B2. Vipimo vinne. Makosa yakifuata RAM, RAM ni mbovu. Yakifuata sloti, ni sloti, au ni pini ya prosesa iliyopinda, kwa sababu prosesa za AM4 zina pini zake zenyewe chini, na kidhibiti cha kumbukumbu kiko ndani ya prosesa, si kwenye madabodi.

Kasuku_wa_Kibuli · Jumamosi, saa 5:20 asubuhi

Daftari langu:

Ijumaa peke yake A2: sifuri.
Jumatatu peke yake A2: sifuri.
Ijumaa peke yake B2: sifuri.
Jumatatu peke yake B2: sifuri.

Nikafurahi, nikadhani kuchomoa na kurudisha ndiko kulikoponya. Nikazirudisha zote mbili, A2 na B2. Dakika kumi na moja, nyekundu. Nikazibadilisha nafasi. Nyekundu.

Wadau, kila mmoja peke yake ni mtakatifu, wakikutana wanapigana. Nimewahi kupiga video ya ndoa ya namna hii.

Fundi_Bombo · Jumamosi, saa 5:45 asubuhi

Hapo umenikuna kichwa. Sloti zimepona, RAM zimepona, pini naona ziko salama. Basi ni mzigo. AMD wenyewe wameandika kwamba Ryzen 5 5600 inakubali DDR4 hadi 3200. 3600 ni kuvuka mstari, na wengi wanavuka salama, lakini si haki yako, ni bahati yako. Acha XMP, ila shusha kasi iwe 3200, mengine yote usiguse. Volti ibaki 1.35.

Busia_Mpakani · Jumamosi, saa 5:50 asubuhi

Ama umeme.

Kasuku_wa_Kibuli · Jumapili, saa 2:05 asubuhi

3200, volti 1.35, tangu jana mchana: makosa matatu. Kutoka mamia hadi matatu! Nikapandisha volti hadi 1.40 nikarudia usiku hadi nilipochoka: makosa manne. Mzee, nimeshazoea hata sauti ya feni.

Fundi_Bombo · Jumapili, saa 2:30 asubuhi

Matatu ni mengi sawa na mia sita. Kumbukumbu haina "karibu imepita". Zima XMP kabisa, acha ijiendee 2400 au chochote inachotaka, pima. Ikipita, ishi hapo. Video zako zitachelewa kidogo tu.

Mwalimu_Arua · Jumapili, saa 3:10 asubuhi

Salaam kwenu. Nimekuwa nasoma tangu Ijumaa, na samahani mzee wangu Bombo nikiingilia katikati. Kipimo chako cha kuzima XMP kifanyike, nakubali. Lakini kabla hatujamhukumu Kasuku kuishi huko, nataka kuuliza mambo mawili ambayo daftari lake limeyataja bila yeye kujua.

La kwanza ni ile mistari mitatu. Hesabu biti kutoka kulia, kuanzia sifuri: FFDFFFFF ni biti ya 21 iliyoanguka. 00000400 ni biti ya 10 iliyosimama pasipotakiwa. 80808088 ni biti ya 3. Chipu ikiwa na seli iliyokufa au mguu usiogusa, kosa linarudi kwenye biti ileile kila mara. Hapa biti zinarukaruka, nyingine zinaanguka, nyingine zinasimama. Hiyo ni sura ya mtu anayeharakishwa. Mgonjwa anaonekana vingine.

La pili: umeshusha kasi, makosa yakapungua sana. Umepandisha volti, hayakujali. Kwa hiyo anataka muda, nguvu anazo.

Ndugu Kasuku, fanya hivi. Washa Windows ukiwa na RAM moja, kisha nyingine, kisha zote, XMP ya 3600. Usifanye kazi humo, fungua tu ZenTimings, programu inayoonyesha mipangilio ya muda ya RAM, upige picha ya skrini mara tatu. Natafuta namba moja, tRFC. Na kwenye CPU-Z, ukurasa wa SPD, niambie kila RAM imeandikwa ranki ngapi, yaani mafungu mangapi ya chipu.

Kasuku_wa_Kibuli · Jumapili, saa 5:00 asubuhi

Mwalimu, sijui umeota au una kamera chumbani kwangu.

Ijumaa peke yake: tRFC 630.
Jumatatu peke yake: tRFC 990.
Zote pamoja: tRFC 630. Nimebadilisha nafasi zao, bado 630.

CPU-Z: Ijumaa ni ranki mbili. Jumatatu ni ranki moja.

Kisha nikachukua tochi ya simu nikachungulia pembeni, pale kati ya ubao na lile bati la kupozea. RAM ya Ijumaa ina chipu pande zote mbili. Ya Jumatatu ina chipu upande mmoja tu, upande wa pili chini ya bati kuna sponji. Sponji! Kwa nje ni mapacha, rangi moja, nembo moja. Nimerudia kusoma lebo kwa miwani ya baba mkwe: chini kabisa kuna namba ya toleo kwa maandishi ya sisimizi, na hazifanani.

Mwalimu_Arua · Jumapili, saa 5:40 asubuhi

Umetuonyesha vizuri kuliko vitabu vyangu. Ngoja nieleze polepole, maana wanafunzi wangu pia huwa wanasoma humu.

Ndani ya DRAM kila biti ni chaji ndogo ndani ya kapasita ndogo, na kapasita hiyo inavuja kama mtungi wenye ufa. Usipoongeza maji, moja inakuwa sifuri. Kwa hiyo kumbukumbu yote lazima ijazwe upya ndani ya milisekunde 64. Kazi hiyo imegawanywa katika amri 8192, ambayo ni amri moja kila maikrosekunde 7.8 hivi. Kila amri ya kujaza ikija, chipu inafunga mlango kidogo, inajaza safu zake, ndipo inafungua tena. Muda huo wa mlango kufungwa ndio tRFC.

Chipu kubwa ina safu nyingi za kujaza kwa amri moja, basi inahitaji mlango ufungwe zaidi. Kiwango cha JEDEC, wale wanaoweka viwango vya kumbukumbu, cha DDR4 ni nanosekunde 350 kwa chipu ya gigabiti 8, na 550 kwa chipu ya gigabiti 16.

Sasa hesabu RAM zako. Ijumaa ina chipu 16 za gigabiti 8: jumla GB 16. Jumatatu ina chipu 8 za gigabiti 16: jumla GB 16. Dukani ni kitu kimoja. Kwa prosesa ni watu wawili.

tRFC kwenye BIOS, ile menyu ya mipangilio ya madabodi, haiandikwi kwa nanosekunde, inaandikwa kwa mapigo ya saa. DDR4 ya 3600 inapiga milioni 1800 kwa sekunde, pigo moja ni nanosekunde 0.556 hivi. 630 mara hiyo ni 350. 990 mara hiyo ni 550. Tazama sasa: RAM ya Jumatatu ikiwa peke yake, madabodi inasoma ombi lake, inaipa 990, inakaa vizuri. Mkiziweka pamoja, namba ni moja kwa wote, na madabodi hii imechagua ya Ijumaa. Jumatatu anaambiwa fungua mlango, na ndani bado hajamaliza kujaza.

Na yale makosa matatu ya 3200: ulishusha kasi, lakini 630 ikabaki 630. Pigo moja sasa ni nanosekunde 0.625, basi 630 imekuwa karibu 394. Umemwongezea nanosekunde 44 bila kujua, akakushukuru kwa kupunguza makosa.

Fundi_Bombo · Jumapili, saa 5:52 asubuhi

Mwalimu, miaka yote nimekuwa nikisema "usichanganye RAM" kama mtu anayekataza kupiga mluzi usiku. Sikuwahi kuona sababu yake ikiwa imepigwa picha. Na mimi ningemwacha kijana 2400 akashukuru Mungu.

Mwalimu_Arua · Jumapili, saa 6:05 mchana

Na angeshukuru kweli, mzee, ingepita. Madabodi nyingi bila XMP zinachukua jedwali la aliye mzito kuliko mwenzake.

Kasuku: BIOS, XMP 3600, volti rudisha 1.35, tRFC andika 990 kwa mkono. Usiguse kingine. Pima mizunguko yote minne.

Mdau_wa_Temeke · Jumapili, saa 6:11 mchana

Naondoa kauli yangu ya Alhamisi. Ile ya kukaa pale naibakisha.

Mwalimu_Arua · Jumapili, saa 6:20 mchana

Swali jingine, na hili ndilo linaloniuma tangu Ijumaa. Ile kwanjula ya Mukono uliinakili kutoka kwenye kadi za kamera kupitia mashine hii?

Kasuku_wa_Kibuli · Jumapili, saa 6:31 mchana

Ndiyo. Kadi tatu.

Mwalimu_Arua · Jumapili, saa 6:32 mchana

Kadi umeshazifuta?

Kasuku_wa_Kibuli · Jumapili, saa 6:50 mchana

Moja. Niliifomati nikaenda nayo kwenye mahafali ya watoto wa chekechea, nikarekodi kama dakika ishirini. Sasa hivi nimefungua vipande vyake 41 kwa laptopu. 39 vinacheza. Kimoja kina mkwaruzo wa kijani nusu sekunde. Kimoja hakifunguki kabisa, na kwa mfuatano wa namba ndicho cha ssenga (shangazi wa bibi harusi) anapotoka kumtafuta bwana harusi katikati ya wageni. Kamera ya pili ilikuwa nyuma, ina mgongo wake na vazi lake la gomesi tu.

Nimeketi chini.

Fundi_Bombo · Jumapili, saa 6:58 mchana

Simama. Usirekodi hata sekunde moja zaidi kwenye kadi hiyo. Biti ikigeuka katikati ya picha unapata mkwaruzo. Ikigeuka kwenye faharasa ya faili, faili zima linakufa. Kadi uliyoifomati haraka, data ya zamani bado ipo mpaka iandikwe juu, na wewe umeandika mwanzo tu. Tumia PhotoRec, ni ya bure, kwa laptopu ile ya bodaboda, si kwa mashine mpya. Itakupa faili bila majina. Faili zilizookolewa zihifadhi diski nyingine, usizirudishe kwenye kadi hiyohiyo.

Busia_Mpakani · Jumapili, saa 7:15 mchana

Pole kaka. Hapa hata mimi siwezi kusema umeme.

Kasuku_wa_Kibuli · Jumatatu, saa 2:20 asubuhi

MREJESHO.

tRFC 990, kasi 3600, volti 1.35, RAM zote mbili. Yuniti za Yaka nilijaza mapema safari hii. Mizunguko minne: sifuri. Nimepiga picha ya ile skrini kama picha ya hati ya kiwanja.

PhotoRec ilifanya kazi saa tatu na nusu kwenye laptopu. Imetoa faili kibao, majina yote ni herufi na tarakimu zisizo na maana, nusu yake ni vipande nilivyovifuta miezi iliyopita. Nilikuwa nafungua moja baada ya nyingine. Ya sitini na mbili nikasikia kwanza sauti ya ngoma, kisha ssenga huyu hapa, anapita kwa vijana waliojipanga, anamtazama mmoja, anatikisa kichwa, anaenda kwa wa pili. Mke wangu alitoka jikoni kuuliza ninalia nini.

Kadi mbili zilizobaki nimezinakili upya kwa laptopu.

Mwalimu_Arua · Jumatatu, saa 2:45 asubuhi

Alhamdulillahi. Sasa kazi ya kuchosha: zile nakala za zamani zilizopita kwenye mashine ile, zote ni watuhumiwa. Kwenye Windows fungua dirisha la amri, andika certutil -hashfile, kisha jina la faili, kisha SHA256. Linganisha namba ya nakala na namba ya faili lililo kwenye kadi. Zikifanana herufi kwa herufi, nakala ni safi. Zisipofanana, nakili upya. Na Windows, mzee Bombo alishasema, sasa ndipo iwekwe upya, mara moja ya mwisho.

Kitu kingine kidogo. Betri ya madabodi ikiisha, au ukisasisha BIOS, 990 itapotea na 630 itarudi kimyakimya.

Kasuku_wa_Kibuli · Jumatatu, saa 3:02 asubuhi

Nimeandika "tRFC 990" kwenye seloteepu ya karatasi nikabandika ndani ya mlango wa kasha. Binti yangu ameuliza ni namba ya nani.

Nimepita na dukani pa Jumatatu kuulizia kama wana ya ranki mbili wanibadilishie. Muuza akaniambia RAM ni RAM. Sikubishana, nilikuwa na usingizi.

Fundi_Bombo · Jumatatu, saa 3:10 asubuhi

Iache. Imeshapata muda wake wa kupumua. Badilisha kichwa cha uzi kiandikwe imetatulika.

Kijana_wa_Wandegeya · Jumatatu, saa 9:30 alasiri

Wakubwa, nimejaribu kuweka 990 kwenye mashine ya ofisini kwetu nikashindwa, BIOS haina hiyo sehemu. Nayo inazima zima.

Mwalimu_Arua · Jumatatu, saa 9:48 alasiri

Mdogo wangu, 990 ni ya 3600 yenye chipu za gigabiti 16. Ingekuwa 3200 chipu zilezile, ingekuwa 880. Namba hainakiliwi, inahesabiwa. Yako ni RAM gani?

Kijana_wa_Wandegeya · Jumatatu, saa 9:55 alasiri

DDR3, GB 4, moja tu.

Fundi_Bombo · Jumatatu, saa 9:57 alasiri

Inaleta bluu au inazima tu?

Kijana_wa_Wandegeya · Jumatatu, saa 10:01 alasiri

Inazima tu. Baada ya dakika tano hivi. Na feni ya prosesa haizunguki.

Fundi_Bombo · Jumatatu, saa 10:02 alasiri

Kijana. Soma tena ulichoandika.